Viza ya miaka kumi, ruhusa ya miezi sita: wazee wetu wanapowatembelea watoto nje



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Katika visiwa vyetu, nyumba yenye mtoto nje si jambo la kushangaza tena. Mmoja yuko Muscat, mwengine London, mwengine Toronto, mwengine Marekani. Wazee nao wamekuwa wasafiri. Mama anaitwa kwa ajili ya binti anayetarajia kujifungua, akae naye amalize arubaini. Baba anaitwa aonwe na daktari wa macho, au awaone tu wajukuu aliowajua kwa simu. Safari hupangwa kwa miezi mitatu. Ikifika miezi mitano mtoto anaanza kusema, "Mama, kwa nini urudi? Kaa tu." Na huku nyumbani ndugu wanamuunga mkono: "Viza yake si ya miaka kumi? Basi wasiwasi wa nini?"

Wasiwasi upo, na kwa Watanzania umekuwa mkubwa zaidi tangu mwanzo wa 2026, kama tutakavyoeleza. Tunalotaka kusema ni hili: mzazi asibakishwe katika nchi ya watu kupita muda aliopewa, hata kwa nia njema. Na uamuzi wa akae muda gani hufanywa hapa nyumbani kabla hajapanda ndege, si kule katika wiki ya mwisho.

Tarehe mbili zinazochanganywa

Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Muda wa kukaa ndani ni ruhusa nyengine, na ina tarehe yake. Familia nyingi husoma tarehe ya kwanza na kuisahau ya pili.

Tuanze na Uingereza. Mgeni wa kawaida anaweza kupewa viza ya miezi sita, au ya muda mrefu ya miaka miwili, mitano au kumi. Bei zinatofautiana, lakini kila safari moja ukomo wake ni ule ule: miezi sita. Miaka kumi maana yake ni kwamba anaweza kwenda na kurudi ndani ya muda huo bila ya kuomba upya. Wala asidhani kwamba akitoka wiki mbili akarudi tena kwa miezi sita mengine atakuwa salama. Kanuni zao zinakataza mgeni kuifanya nchi hiyo makaazi yake kwa safari za kufuatana, na afisa wa uwanja wa ndege akiona mtindo huo ana haki ya kumrudisha.

Marekani nako ni hivyo hivyo. Viza ya utembezi inaweza kuwa ya miaka kadhaa, lakini tarehe ya kuondoka ni ile inayoandikwa na afisa siku ya kuingia, katika kumbukumbu iitwayo I-94. Kwa kawaida ni miezi sita. Siku hizi kumbukumbu hiyo iko kwenye mtandao, na mtoto anaweza kuitazama kwa kutumia namba ya pasi ya mzazi wake. Aitazame siku ile ile ya kufika.

Kanada, mgeni wa kawaida asiyeandikiwa tarehe nyengine huhesabiwa miezi sita tangu siku aliyoingia. Lakini Kanada ina mlango mwengine, na huu ndio mfano mzuri wa jambo tunalolisema.

Mlango wa Kanada, na kwa nini uombwe mapema

Tangu Desemba 2011 Kanada imekuwa na viza maalumu kwa wazazi, mabibi na mababu wa raia na wakaazi wa kudumu, iitwayo Super Visa. Zamani mzazi alikuwa akipewa miaka miwili kwa safari moja. Tangu tarehe 4 Julai 2022 anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja, na kuna njia ya kuomba kuongezewa muda akiwa huko huko. Masharti yake ni kwamba mtoto au mjukuu anayemwalika athibitishe kipato kinachotosha familia yake pamoja na mgeni, aandike barua ya kuahidi kumkimu mzazi wake, mzazi apimwe afya, na awe na bima ya matibabu ya angalau mwaka mmoja, ya kiasi kisichopungua dola 100,000 za Kanada.

Masharti hayo ni mazito, lakini yana hekima. Mzee wa miaka sabini akianguka bafuni wakati wa baridi, bila ya bima anaweza kumwachia mwanawe deni la miaka mingi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba viza hii huombwa mzazi akiwa nje ya Kanada. Mama aliyekwishaingia kwa viza ya kawaida ya utembezi hawezi kuibadilisha akiwa sebuleni kwa mwanawe. Anaweza kuomba kuongezewa muda kama mgeni wa kawaida, na akiwahi kuomba kabla ya tarehe yake kwisha anaruhusiwa kubakia akisubiri jibu. Lakini ile miaka mitano imempita, mpaka atoke aombe upya. Familia iliyokaa kitako Unguja au Pemba ikaulizana "mama anakwenda kwa muda gani hasa?" ingeuona mlango huu mapema.

Uingereza jambo hili ni zito zaidi. Wapo wanaodhani mzazi ataingia kama mgeni kisha mtoto amuombee ukaazi. Tangu Julai 2012 njia ya kumchukua mzazi moja kwa moja imekuwa nyembamba mno. Ni lazima ithibitike kwamba kwa uzee, maradhi au ulemavu mzazi anahitaji kuhudumiwa katika mambo ya kila siku kama kuoga, kuvaa na kula, na kwamba huduma hiyo haipatikani alipo au haimudiki, hata mtoto akituma pesa. Na ombi hilo nalo huwasilishwa mzazi akiwa nje ya nchi. Mgeni haruhusiwi kubadilisha akiwa ndani.

Kuongeza muda kwa halali

Je, mgeni hawezi kabisa kuongezewa? Inategemea nchi.

Uingereza, aliyepewa chini ya miezi sita anaweza kuomba ikamilike sita. Kupita hapo ni kwa sababu chache mno, na inayowahusu wazee wetu ni matibabu ya kulipia: daktari athibitishe kwamba matibabu yanaendelea na familia ithibitishe uwezo wa kulipa. Ikumbukwe kwamba mgeni anayelazwa hospitali za umma huko hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida, na deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza siku za mbele.

Marekani, ombi hufanywa kwa fomu I-539, na idara yao ya uhamiaji inashauri lipelekwe angalau siku 45 kabla ya tarehe iliyomo kwenye I-94. Mzazi aeleze kwa nini anahitaji kubakia, nani anamkimu, na kwamba bado ana makaazi yake nyumbani anakokusudia kurudi.

Kote huko kanuni ya msingi ni moja: ombi lipelekwe kabla ya tarehe, liwe la kweli, na karatasi zote zihifadhiwe. Aliyeomba kwa wakati akakataliwa amekataliwa kwa heshima. Anafunga sanduku, anarudi, na kesho anaweza kuomba tena. Aliyenyamaza mpaka tarehe ikapita ameingia katika hali nyengine kabisa.

Gharama ya kupitiliza, na nani anayeilipa

Oman, kila siku inayopita ni faini ya riyali 10. Uingereza, aliyepitiliza zaidi ya siku 30 akaondoka mwenyewe kwa gharama zake hufungiwa mwaka mmoja, na aliyetumia udanganyifu katika maombi yake anaweza kufungiwa miaka kumi. Marekani, aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 kisha akatoka hufungiwa miaka mitatu, na aliyetimiza mwaka au zaidi hufungiwa miaka kumi. Kwa mama wa miaka 68, kufungiwa miaka kumi ni sawa na kuambiwa kwamba huenda asikanyage tena nyumba ya mwanawe maisha yake yote.

Lakini halimgusi yeye peke yake. Oktoba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo waombaji wake wa viza ya utembezi wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Haikupita miezi miwili, kwa tangazo la Rais Donald Trump la Desemba 2025 lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2026, Watanzania wakawekewa zuio la sehemu: viza za utembezi na biashara, za wanafunzi na za wahamiaji wa kudumu zikasitishwa. Sababu iliyotajwa ni wanaopitiliza. Hesabu waliyoitoa ni kwamba asilimia 8.30 ya wageni wa Kitanzania wa viza za utembezi na biashara hawakuondoka kwa wakati.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu uadilifu wa adhabu hii. Na sisi tunaona si haki watu zaidi ya tisini katika kila mia, waliotimiza ahadi zao, wafungiwe mlango kwa makosa ya wanane. Hata hivyo lipo funzo ambalo hatuwezi kulikwepa. Kila anayebakia kimya kule hutiwa katika hesabu, na hesabu hiyo hulipwa na mama mwengine wa Wete au Makunduchi ambaye hajawahi kuvunja sheria ya mtu.

Na kwa mzazi ambaye yuko Marekani hivi sasa, jambo limekuwa jembamba kuliko zamani. Viza iliyotolewa kabla ya zuio kuanza haikufutwa na tangazo hilo. Lakini kwa sheria yao, mgeni akipitiliza hata siku moja muda aliopewa, viza yake inabatilika. Zamani angerudi akaomba nyengine. Leo, maadamu zuio lipo, hiyo nyengine haipatikani. Kwa hiyo siku moja ya uzembe inaweza kumpotezea kitu asichoweza kukipata tena.

Dini inasemaje

Wapo wanaosema, "Mimi nafanya wema kwa mama yangu, na wema kwa wazazi ni amri ya Allah. Karatasi za hawa watu si kitu." Tuliangalie jambo hili kwa makini, kwani nusu ya maneno hayo ni haki.

Ni haki kwamba katika Surat Al-Israa Allah ameunganisha kumuabudu Yeye na kuwatendea wema wazazi wawili, akawataja hasa wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Ni haki pia kwamba mtu aliyemjia Mtume (S.A.W.) akitaka kutoka kwa jihadi aliulizwa kama wazazi wake wako hai, akaelekezwa arudi akapigane jihadi yake kwa kuwahudumia wao.

Lakini aya ya mwanzo ya Surat Al-Maaida inawaamrisha Waumini kutimiza mikataba, na haikusema ile ya Waislamu peke yao. Wanazuoni wetu wa tangu zamani wamesema kwamba Muislamu anayeingia katika nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani waliyompa, naye amewapa amani, na haijuzu kwake kuwafanyia khiyana. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameiona viza kuwa ni aina ya ahadi hiyo. Anayeijaza fomu na kuitia saini amesema, "Nitaingia kwa sharti hili na nitatoka siku hii."

Na katika Sahihi Muslim kimo kisa cha mtoto na baba yake ambacho kinafaa kusomwa katika kila nyumba yenye jambo hili. Hudhayfa bin Al-Yaman na baba yake walikamatwa na Makureshi njiani wakielekea Madina, wakati vita vya Badr viko karibu. Hawakuachiwa mpaka walipotoa ahadi kwamba hawatapigana pamoja na Mtume (S.A.W.). Walipofika wakamueleza. Waislamu siku hiyo walikuwa wachache na kila mtu alihitajika, na ahadi yenyewe ilitolewa kwa kulazimishwa, tena kwa maadui. Pamoja na hayo Mtume (S.A.W.) aliwaambia waondoke, itimizwe ahadi waliyowapa watu wale, na msaada utatakwa kwa Allah. Ikiwa ahadi ile ilitimizwa, vipi kuhusu ahadi tuliyoiomba wenyewe, tukailipia, na tukashukuru tulipopewa?

Na kuna khofu ya pili. Mwenye kupitiliza si mtoto, ni mzazi. Jina lililomo katika pasi ni la mama, anayehojiwa uwanja wa ndege ni mama, na anayekaa ndani akiogopa kwenda hospitali au hata msikitini ni mama. Mtoto anayemuweka mzazi wake katika khofu hiyo hajamfanyia wema, hata kama kila siku anampikia chakula anachokipenda.

Kadhalika uongo wa fomu. Kuna wanaowafundisha wazee waseme wanakwenda harusini wakati wanakwenda kulea wajukuu mwaka mzima, na wapo wanaowashauri waombe ukimbizi bila ya sababu. Huo ni uongo, na ule wa pili unawadhulumu pia wenye dhiki za kweli. Mzazi aliyeishi miaka sabini akisema kweli asifundishwe uongo na mwanawe.

Udhuru, eda na sala

Dharura ina hukumu yake. Mzazi aliyelazwa, ambaye daktari ameandika kwamba hawezi kupanda ndege, hana dhambi kwa kubakia. Familia ichukue barua ya daktari, ipeleke ombi kabla ya tarehe, na imtafute wakili au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Wasimtegemee mtu wa mtaani anayesema "namjua mtu".

Suala jengine ni la eda. Mama yuko kwa mwanawe, mumewe anafariki kisiwani, na eda ya miezi minne na siku kumi inavuka tarehe yake ya kuondoka. Mwenye eda anatakiwa atulie nyumbani, lakini wanazuoni wameruhusu atoke kwa haja na dharura, na kulazimika kuondoka kwa kumalizika ruhusa ya nchi ni udhuru ulio wazi. Anarudi, na eda yake anaikamilisha nyumbani kwake. Kwa kuwa kila tukio lina mambo yake, aulizwe mwanachuoni anayeaminika au Ofisi ya Mufti kabla ya kukata tiketi.

Ama sala, wazee wengi hudhani kwamba kwa kuwa viza inawaita wageni, watapunguza sala miezi yote sita. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakuwa mkaazi. Anasali sala kamili na anafunga Ramadhani pamoja na watu wa mji huo.

Nyinyi mliobaki nyumbani

Mara nyingi lawama huwekwa kwa mtoto aliyeko nje. Lakini tuseme kweli: wakati mwengine ni sisi huku tunaomsukuma mzazi abakie. Mama akiwa London, nani anahangaika na dawa zake za presha? Nani anampeleka Mnazi Mmoja? Kimya kimya tumepumzika, na tunasema "abakie, huko ndiko kuna hospitali nzuri". Tujiulize kama hiyo ni huruma au ni kukwepa zamu.

Kabla ya safari familia ikae, walioko nje waingie kwa simu. Waulizane: safari ni ya nini, ya muda gani, na ni viza ipi inayolingana na muda huo? Nani analipa bima? Tarehe ya kurudi ni ipi, na nani atampokea? Tarehe ya mwisho ya kukaa iandikwe na kaka au dada mmoja huku na mmoja kule, na miezi miwili kabla yake waikumbushane.

Na aulizwe mzazi mwenyewe, faraghani, bila ya mtoto anayemkaribisha kusikia. Wazee wetu wana haya. Mama anaweza kusema "sawa, mwanangu" huku moyo wake uko kwa mashoga zake wa darsa, kwa kuku wake, na kwa kaburi la mumewe. Anaweza kuwa amechoka kukaa ndani siku nzima katika nyumba ambayo watu wazima wote wako kazini. Mtume (S.A.W.) amehimiza kwamba msafiri akishamaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Anayetaka kurudi asicheleweshwe, na anayetaka kubakia atafutiwe njia ya halali.

Mzazi aliyerudi kwa wakati anarudi na mlango wake uko wazi. Mwakani wajukuu watamuona tena, inshaallah. Na watakuwa wamejifunza kwa bibi yao kwamba Muislamu akisema siku fulani nitaondoka, huondoka.

Tunamuomba Allah awahifadhi wazee wetu walioko safarini na walioko nyumbani, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe watoto wanaotimiza haki za wazazi na ahadi za watu kwa pamoja.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.